Ni Nani Anakatazaka?

Usiku wa Jumatano, tarehe 25 Oktoba 2023, nilirekodi ujumbe wa sauti nikiwa nimekaa sakafuni jikoni, taa zimezimwa, mgongo umeegemea jokofu. Nilisema kwa Kiswahili: fungeni milango, zimeni taa, msikae karibu na madirisha, mtu mwenye bunduki bado hajapatikana. Nikautuma kwenye grupu letu la WhatsApp. Kisha nikaurudia polepole zaidi, kwa sababu katika grupu hilo kuna bibi wa Uvira asiyejua kusoma, na kuna kina mama wa Bukavu ambao Kiswahili changu cha Tanga huwapotea nikiharakisha. Hadi alfajiri nilikuwa nimetuma zaidi ya arobaini.

Ninaishi Lewiston, katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki kabisa ya Marekani. Ni mji wa viwanda vya nguo vilivyokwisha kufungwa, kando ya mto Androscoggin, wenye watu wasiofika 40,000. Wasomali walianza kuhamia hapa mwaka 2001. Baada yao wakaja Wakongo, Waburundi, Wanyarwanda na Waangola, na hivyo Kiswahili kikapata kazi katika mji uliozoea Kiingereza na Kifaransa cha Kanada. Mimi ni mkalimani. Natafsiri hospitalini, shuleni, na katika ofisi zinazoshughulikia makazi. Kanuni ya kazi yetu ni moja: huongezi wala hupunguzi.

Jioni ile, kabla kidogo ya saa moja, mtu mmoja aliingia kwenye ukumbi wa mchezo wa bolingi akaanza kupiga risasi. Dakika chache baadaye alikuwa kwenye baa upande mwingine wa mji. Watu 18 walikufa. Mmoja alikuwa mtoto wa miaka 14, aliyekufa pamoja na baba yake. Wanne walikuwa viziwi, waliokutana na wenzao kucheza na kuzungumza kwa mikono. Siku mbili tulijifungia ndani, mpaka Ijumaa usiku polisi walipotangaza kwamba mwili wake umepatikana mji wa jirani. Alikuwa amejiua.

Baadaye tulisikia mengine. Alikuwa askari wa akiba. Miezi mitatu kabla alilazwa hospitali ya magonjwa ya akili. Ndugu zake walishatoa taarifa, wenzake jeshini walishatoa taarifa. Tume huru iliyochunguza ilisema polisi wa eneo lake walikuwa na sababu za kutosha kumchukua na kuanza utaratibu wa kumwondolea silaha. Hawakufanya hivyo.

Wiki iliyofuata mama mmoja wa Bukavu aliniita kwake. Tulikula bugali na sombe, ambayo sisi Tanga ni kisamvu tu, na watoto wake walikuwa chumbani wamekataa kwenda shule. Akaniuliza: "Dada, mimi nilikimbia bunduki za watu wasiokuwa na serikali. Hapa serikali iko. Watoto wanakufa ku masomo, watu wazima wanakufa mu mchezo, kila mtu analia ku televizio. Sasa ni nani anakatazaka?"

Ile *ka* mwishoni ndiyo iliyonifanya nisilale. Kiswahili cha Kivu kina jambo ambalo changu hakina mahali hapo. *Anakataza* ni leo, mara moja. *Anakatazaka* ni desturi yake, ndiyo kazi yake, jana na juzi na kesho. Mama hakuuliza ni nani aliyezuia sheria fulani siku fulani. Aliuliza ni nani anayezuia sheria za bunduki kila mara. Na kwa kuwa sikuwa kazini, hapakuwa na mtu mwingine wa kunipa maneno ya kutafsiri. Nilipaswa kujibu mwenyewe.

Jibu langu la kwanza lilikuwa pesa. Nilimwambia kuna chama kinaitwa NRA, chama cha taifa cha wenye bunduki, na kwamba mwaka 2016 peke yake kilitumia zaidi ya dola milioni 30 kumsaidia Donald Trump kuingia Ikulu. Nilitumia neno ambalo sote tunalielewa: wanasiasa wamehongwa.

Alitikisa kichwa. "Kwetu mtu akihongwa, akija mwenye nyingi zaidi anamgeukia huyo. Hapa hakuna tajiri anayetaka bunduki zipungue?"

Yupo. Na swali lake liliubomoa ukuta wangu wote, kwa sababu mfano ulikuwa mlangoni petu. Mwaka 2016 Maine ilipiga kura ya maoni: je, mtu anayemuuzia mwenzake bunduki nje ya duka naye alazimike kumpitisha mnunuzi kwenye ukaguzi wa rekodi zake za uhalifu? Upande wa ndiyo ulipewa mamilioni na shirika lililoanzishwa na bilionea Michael Bloomberg. Ulitumia fedha mara kadhaa zaidi ya wapinzani. Ukashindwa, asilimia 52 kwa 48. Kama ni hongo, basi ilikuwa hongo isiyofuata bei. Hivyo ikabidi nianze upya.

Jibu nililipata ghorofa ya chini. Jirani yangu ni mzee wa miaka karibu themanini, mjukuu wa Wafaransa wa Kanada walioshuka kuja viwandani. Alishona viatu miaka thelathini huko Auburn, ng'ambo ya mto. Kila Novemba huvaa fulana ile ya rangi ya chungwa inayowaka, ambayo sheria inamtaka mwindaji aivae asije akadhaniwa kulungu, akaenda msituni na mjukuu wake. Akipata nyama huleta kipande mlangoni kwangu. Usiku ule wa tarehe 25 ndiye aliyepanda ngazi kuniuliza kama nimefunga mlango wa nyuma.

Mwaka 2022, kabla ya uchaguzi, alinionyesha kadi iliyomfikia kwa posta. Ilikuwa na majina ya wagombea, na mbele ya kila jina herufi, kama ripoti ya mtoto wa shule: A, B, hadi F. Ndivyo NRA inavyowapima wanasiasa: A ni ya anayezitetea bunduki, F ni ya anayetaka zibanwe. Mzee huyu baba yake alikuwa mtu wa chama cha wafanyakazi, na mwenyewe ukimgusa kuhusu matibabu ya wazee anaongea kama Mdemokrat. Lakini siku ya kura anafuata herufi. Na katikati ya uchaguzi na uchaguzi, anapiga simu. Nimemsikia kupitia sakafu: anataja jina lake, anataja mtaa wake, anataja muswada kwa namba yake, anashukuru, anakata. Dakika mbili. Wiki mbili baadaye, tena.

Mtu anayetaka ukaguzi, kama mimi, ana mambo kumi kichwani: kodi ya nyumba, bima ya afya, karatasi za uhamiaji za mdogo wake. Bunduki ni la saba. Msiba ukitokea linapanda hadi la kwanza, likikaa wiki tatu linashuka. Mwanasiasa analijua hilo kuliko tunavyojijua. Anajua kwamba akiuangusha muswada nitakasirika, na kwamba uchaguzi ukifika nitampigia kwa sababu nyingine. Mzee wa chini hatamsamehe. Tafiti za maoni ya watu zimeonyesha kwa miaka kwamba karibu Wamarekani 9 kati ya 10 wanataka kila mnunuzi wa bunduki akaguliwe. Mimi nilikuwa nikizisoma takwimu hizo kama ushindi. Sasa nazisoma kama idadi ya watu wasiopiga simu.

Lakini wazee kama huyu hawakuzaliwa na kadi mkononi. NRA ilianzishwa New York mwaka 1871 na maofisa waliopigana upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, ambao walichukizwa na jinsi askari wao walivyokuwa hawajui kulenga. Kilikuwa chama cha shabaha. Mwaka 1934 Bunge lilipotunga sheria ya kubana bunduki rashasha, zile zilizotumiwa na majambazi wa enzi ile, rais wa chama hicho, Karl Frederick, alikwenda mbele ya kamati akasema haamini katika watu kutembea ovyo na silaha. Rais John Kennedy alipouawa mwaka 1963, bunduki iliyomuua ilikuwa imeagizwa kwa posta kupitia tangazo kwenye gazeti la chama hichohicho, na kiongozi mmoja wa NRA alikubali mbele ya Bunge kwamba biashara ya namna hiyo ipigwe marufuku. Sheria ikapita mwaka 1968, baada ya Martin Luther King na Robert Kennedy nao kuuawa. Rais Lyndon Johnson, siku anaitia saini, alilalamika kwamba leseni na usajili vimeondolewa ndani yake na kundi lenye nguvu la ushawishi. Kwa hiyo mkono ulishakuwepo. Haukuwa bado ngumi.

Ngumi ilikunjwa Cincinnati, Mei 1977. Viongozi wa NRA walikuwa wamepanga kuhamisha makao makuu kutoka Washington kwenda Colorado, wajishughulishe na uwindaji na mazingira. Wanachama waliochukizwa walifika kwenye mkutano mkuu wamevaa kofia za rangi ya chungwa, ile rangi ya fulana ya jirani yangu. Walijadili kanuni usiku kucha, hoja baada ya hoja, hadi karibu na alfajiri walipowaondoa viongozi wale na kumweka Harlon Carter, mtu aliyeamini kwamba hakuna sheria ya bunduki iliyo ndogo kiasi cha kukubalika. Hawakumwaga damu wala fedha. Walisoma katiba ya chama chao kuliko wengine, na walikuwa tayari kukaa ukumbini muda mrefu kuliko wengine. Nimewaza sana juu ya usiku ule. Nilikulia kwenye mikutano ya kijiji na ya vyama vya ushirika, na namjua mtu wa aina hiyo, yule anayebaki mpaka wenye watoto wameondoka, ndipo anaomba hoja ipigiwe kura.

Matunda yake yalianza kuonekana mwaka 1986. Sheria ya mwaka huo ilipiga marufuku serikali kuu kutengeneza daftari la taifa la wenye bunduki. Hili linahitaji kuelezwa taratibu, maana Mama aliponisikia alidhani nimekosea tafsiri. Polisi wakiokota bunduki mahali pa mauaji, hakuna kompyuta ya kuandika namba yake na kupata jina. Wanatuma ombi kwenye kituo kimoja huko Martinsburg, West Virginia. Kituo kinampigia mtengenezaji, mtengenezaji anataja muuzaji wa jumla, huyo anataja duka, na mwenye duka anafungua kitabu chake. Kama duka limeshafungwa, vitabu vyake viko Martinsburg, katika maboksi kwa maelfu. Vimepigwa picha, lakini sheria hairuhusu picha hizo zitafutwe kwa jina. Watumishi wanapitia ukurasa kwa ukurasa kwa macho yao. Hii ni nchi inayojua kifurushi changu cha viatu kimefika mtaa gani saa hii.

"Anakatazaka," Mama alisema, safari hii si kwa kuuliza.

Mwaka 1993 ulipita ukaguzi wa wanunuzi madukani, kwa jina la James Brady, msemaji aliyepigwa risasi ya kichwa pamoja na Rais Reagan mwaka 1981. Mwaka 1994 zikapigwa marufuku bunduki nyingi za mtindo wa kivita, kwa miaka kumi tu. Novemba ya mwaka huohuo Wademokrat walipoteza Baraza la Wawakilishi walilolishika miaka 40, na Spika Tom Foley, ambaye NRA ilimuunga mkono miaka ya nyuma, aliangushwa jimboni kwake. Sababu za kushindwa kule zilikuwa nyingi. Lakini Bill Clinton mwenyewe alitaja bunduki, na wanasiasa waliobaki walijifunza somo hilo moja. Muda wa marufuku ulipokwisha mwaka 2004, uliachwa uishe.

Kati ya hapo kuna mtu mmoja ninayemkumbuka kwa huzuni, Jay Dickey, mbunge wa Arkansas. Mwaka 1996 aliweka kipengele kilichosema fedha za kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa zisitumike kutetea udhibiti wa bunduki, na dola milioni 2.6 zikanyofolewa, kiasi kilekile kilichokuwa kinatumika kuchunguza majeraha ya risasi. Watafiti waliogopa, utafiti ukakauka. Mwaka 2012 Dickey aliandika gazetini, pamoja na daktari aliyekuwa akiongoza utafiti ule na ambaye zamani walikuwa mahasimu, kwamba utafiti ni lazima. Fedha zilirudi kwenye bajeti ya mwaka 2020. Karibu robo karne. Katika kipindi hicho mtu angeweza kupata fedha za kuchunguza mikanda ya magari, sumu za panya, mabwawa ya kuogelea.

Mwaka 2012 ulikuwa pia mwaka wa Newtown, Connecticut: watoto 20 wa darasa la kwanza na watu wazima 6. Aprili iliyofuata Seneti ilipiga kura juu ya muswada wa kupanua ukaguzi, ulioandikwa na maseneta wawili, mmoja wa kila chama, na wote wawili NRA ilikuwa imewapa A. Wazazi wa marehemu walikuwa wamekaa juu wakitazama. Kura za ndiyo zilikuwa 54, za hapana 46. Muswada ukafa.

Nilipolifikia hili Mama alinisimamisha. Hamsini na nne kwa arobaini na sita, na ndiyo imeshindwa? Nikamweleza kwamba Seneti ina desturi inayodai kura 60 kabla ya muswada mkubwa kufika mwisho. Nikamweleza pia kwamba kila jimbo lina maseneta wawili, liwe California lenye watu karibu milioni 39 au Wyoming lisilofika 600,000. Wazee wa fulana za chungwa wamejaa kwenye yale madogo. Kwa hiyo anayekataza hahitaji kuwa wengi. Anahitaji maseneta 41.

Juu ya yote hayo ikaja Mahakama ya Juu. Mwaka 2008 ilisema, kwa majaji 5 dhidi ya 4, kwamba Marekebisho ya Pili ya Katiba, yaliyopitishwa mwaka 1791 na kuanza kwa kutaja wanamgambo, yanampa mtu binafsi haki ya kuwa na bunduki nyumbani. Mwaka 2022 ikaenda mbali zaidi: sheria ya bunduki ya leo lazima ilingane na desturi za kihistoria za taifa hili.

Na NRA yenyewe? Imechakaa. Wayne LaPierre, aliyeiongoza zaidi ya miaka 30, alijiuzulu Januari 2024, na mwezi uliofuata jopo la raia wanaoamua kesi huko New York, katika kesi ya madai, liliamua kwamba alitumia vibaya mamilioni ya chama kwa starehe zake. Mwaka 2021 chama kilijaribu kujitangaza muflisi, na jaji akakataa. Ningetegemea mambo yalegee. Hayakulegea. Jirani yangu aliacha kulipa ada ya uanachama kwa hasira, lakini simu zake za kila wiki mbili hajaziacha. Mkono uliomfundisha umepooza, tabia imebaki.

Sisemi kwamba mzee huyu ni mtu mbaya. Kaka yake alijiua kwa bunduki ya baba yao, majira ya baridi moja zamani, na aliniambia habari hiyo siku moja tu, tukiwa tunakwangua theluji. Zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki Marekani ni vya watu kujiua, na hapa Maine sehemu hiyo ni kubwa zaidi. Mwaka 2021 nchi nzima ilipoteza watu 48,830 kwa risasi. Kila ninapomsikia kwenye simu namfikiria kaka yake.

Siku moja baada ya mauaji ya Lewiston, mbunge wetu Jared Golden, Mdemokrat, askari wa zamani, alisimama mbele ya waandishi hapahapa mjini. Mwaka 2022 alikuwa mmoja wa Wademokrat watano waliokataa kurudisha marufuku ya bunduki za kivita. Alisema alikosea. Aliwaomba msamaha wapigakura wake na familia za waliouawa, akaahidi kuiunga mkono. Nilikuwa naangalia kwa simu, nikarudia mara tatu. Ni nadra sana kumsikia mwanasiasa akisema sentensi ile. Mwaka uliofuata alirudi bungeni kwa tofauti ya kura chache mno. Novemba 2025 alitangaza kwamba hatagombea tena, akitaja chuki na vitisho vilivyojaa kwenye siasa.

Maine nayo ilisogea. Mwaka 2024 bunge la jimbo lilipitisha kusubiri saa 72 kabla ya kukabidhiwa bunduki uliyonunua, sheria ambayo wapinzani waliipeleka mahakamani. Kisha, tarehe 4 Novemba 2025, tukapiga kura: je, familia iruhusiwe kwenda yenyewe mahakamani kuomba ndugu yao anayeelekea kudhuru aondolewe silaha kwa muda? Gavana Janet Mills, Mdemokrat, aliupinga mpango huo. Ulipita kwa zaidi ya asilimia 60, katika jimbo lilelile lililokataa ukaguzi mwaka 2016. Mama, ambaye ni raia tangu mwaka 2021, alinisubiri mlangoni saa moja asubuhi amevaa kitenge kipya. Jirani yangu alikuwa kwenye foleni mbele yetu. Tulisalimiana. Sikumuuliza, na yeye hakusema.

Wiki iliyofuata Mama aliniita tena. Safari hii hapakuwa na sombe, ilikuwa simu juu ya meza, na namba ya ofisi ya seneta imeandikwa nyuma ya bahasha ya umeme. Alitaka nimkalimanie. Kijana aliyepokea aliuliza jina, akauliza namba ya posta ya mtaa, akauliza ni kuhusu nini. Mama alisema polepole, akiniachia nafasi ya kutafsiri: kwamba ana watoto wanne, kwamba tarehe 25 ile walilala chini ya kitanda, kwamba anataka kila anayenunua bunduki akaguliwe, popote anaponunua. Sikuongeza wala sikupunguza. Kijana alishukuru, akauliza kama kuna lingine.

"Mwambie kila siku ya tatu, Jumatano yenu, nitakuwa napigaka."

Nilinyamaza kidogo, nikitafuta namna ya kuifikisha ile *ka* kwa Kiingereza.